Hewa bora ni ya nani? Historia ya joto la bonde na baridi ya mlima, Uvira na Fizi

Mwezi wa tisa ukiisha na wa kumi ukianza, kabla mvua haijakubali kunyesha, Uvira huwaka. Saa nane za mchana manjanja ya nyumba hulia kwa kutanuka, mbuzi hujibana kwenye kivuli cha ukuta, na barabara inayotoka Kavimvira kwenda Kalundu hubaki na vumbi na pikipiki tu. Mwenyeji wa hapa akiulizwa atasema joto la mwaka huu ni kama la kila mwaka. Mtu aliyeshuka juzi kutoka Minembwe au Bijombo atasema hakujua kama mwanadamu anaweza kuishi ndani ya tanuru. Wote wawili wanasema kweli, na kila mmoja anamshangaa mwenzake.

Habari hii ni ya zamani kuliko vita vya leo. Watu wa pande hizi wamekuwa wakichagua hewa ya kuishi, wakiikimbia, wakiigombania na kuhamishwa kwa ajili yake tangu siku nyingi, na anayetaka kuelewa kwa nini familia moja inalia chini ya bashi huku jirani yake anapiga soga mlangoni, inambidi arudi nyuma kidogo.

Kwanza mahali penyewe. Ulaya jua kali lina miezi yake, linakuja na kuondoka. Huko Lubumbashi mwezi wa sita na wa saba watu huvaa makoti, kisha mwezi wa kumi joto linawapiga. Bukavu nako kiangazi huja na usiku wa baridi. Lakini kati ya ziwa Tanganyika na milima ya Mitumba joto halifuati kalenda peke yake, linafuata kimo. Ziwa liko kwenye mita karibu 770 juu ya bahari. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460. Mto Ruzizi unateremka tofauti hiyo yote kwa safari ya kilomita zisizofika hata 120. Upande wa magharibi mwa Uvira mlima unapanda mara moja, nyuma ya nyumba za watu, mpaka Hauts-Plateaux za Itombwe na Minembwe, ambako sehemu nyingi zinapita mita 2,500. Kwa kawaida kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto kwa digrii zipatazo 6. Maana yake mtu anayetoka ufukweni akapanda mpaka juu kabisa anaacha nyuma digrii 10 au 12. Bondeni mchana hupita digrii 30 bila shida. Juu, usiku wa kiangazi hushuka chini ya digrii 10. Umbali huo mtu mwenye miguu mizuri anautembea kwa siku moja au mbili.

Abiria wa gari la Bukavu kwenda Uvira wanaijua hesabu hii bila kuhesabu. Wakipita Nyangezi wamejifunga makoti. Gari likianza kuteremka milima ya Ngomo, mmoja anafungua dirisha, mwingine anavua sweta, na wakifika Kamanyola watoto wanalilia maji.

Hewa mbili hizi zilizaa namna mbili za kuishi. Mtu wa bonde na wa ufukwe huamka kabla ya mapambazuko, analima mapema, na jua likishika utosi yuko chini ya mwembe. Nyumba ya zamani ya bondeni ilijengwa kwa miti na udongo, ikaezekwa kwa majani mazito yaliyoshuka chini kuliko ukuta, ili jua lisiuguse ukuta. Jiko lilikuwa nje. Maji ya kunywa yalikaa katika mtungi wa udongo kwenye kona yenye giza. Mtungi unatoa jasho polepole, na jasho hilo ndilo linalopoza maji, sawa na ngozi ya mtu. Jioni mkeka unatandikwa uani. Na Uvira ina zawadi ambayo miji mingi ya joto haina: kwa kuwa mlima uko upande wa machweo, jua huzama mapema nyuma yake, kivuli kinashuka juu ya mji wakati ng'ambo, Burundi, bado kunang'aa. Mchana upepo hutoka ziwani, usiku hugeuka ukashuka kutoka mlimani. Wavuvi wa ndagala wanauelewa upepo huo kuliko mtu yeyote, maana ndio unaowatoa na kuwarudisha.

Mtu wa mlima alifanya kinyume chake karibu katika kila jambo. Nyumba yake ilikuwa ya mviringo, ndogo, mlango mfupi, dirisha hakuna au tundu tu. Moto uko katikati na hauzimwi. Moshi unasumbua macho lakini unakausha majani ya paa na kufukuza wadudu. Ndama hulala ndani pamoja na watu, na pumzi zao ni joto pia. Mzee anatembea na koti zito, kofia na fimbo, hata mchana. Chakula ni maziwa, maharagi, mahindi, viazi vinavyopenda baridi. Mtu aliyelelewa hivyo akishuka bondeni, mambo yote aliyofundishwa na mama yake kuhusu nyumba nzuri yanamgeukia: kufunga tundu, kuwasha moto ndani, kujifunika.

Isidhaniwe kwamba walikuwa walimwengu wawili wasiojuana. Samaki, mawese, mchele na mihogo vilipanda mlima. Maharagi, siagi na ng'ombe wa mahari vilishuka. Watu wa kila jamii walikuwa juu na chini: Bafuliiru wana vijiji bondeni na vijiji vya milimani, Babembe wako ufukweni na Itombwe. Kwa wafugaji wanaoitwa leo Banyamulenge, simulizi zinazotajwa mara nyingi zinasema walikaa Kakamba bondeni, wakapanda Mulenge, kisha wakapanda zaidi. Miaka ya safari hiyo inabishaniwa, na mabishano hayo yamekwisha kumwaga damu ya kutosha. Kinachohusu habari hii ni sababu moja iliyo wazi: ng'ombe. Kupe wanaoleta ugonjwa ule ambao wafugaji wa pande hizi, Rwanda na Burundi huuita ikibagarira hawapendi baridi ya juu sana. Nzi wa malale naye ni wa chini. Mfugaji alifuata hewa ambayo ng'ombe wake alipona ndani yake, na jamii yake ikazoea kuishi huko.

Lakini mlima nao una msimu wake mbaya. Kiangazi kikikaza, majani ya juu hukauka, na ng'ombe hushushwa kwenda Ngandja na sehemu nyingine za chini za Fizi kutafuta malisho. Huko ni mashamba ya Babembe. Desturi iliweka njia: mfugaji hutoa itulo kwa mwenye ardhi, kisha anachunga kwa ruhusa. Miaka ambayo itulo ilieleweka, ng'ombe walipita. Miaka ambayo kila upande ulikuwa na bunduki, mhogo uliokanyagwa ukawa sababu ya kuchoma kijiji. Anayesema ugomvi huo ni wa ukabila mtupu amesahau kwamba kila mwaka unaanza kwa ukame, katika miezi ileile.

Wageni nao walipofika walianza na habari ya hewa. Waingereza Burton na Speke waliletwa Uvira kwa mitumbwi mwezi wa nne wa mwaka 1858, wakitafuta kujua kama Ruzizi inatoka ziwani au inaingia. Walikuwa wagonjwa wote wawili: Burton miguu, Speke macho. Wenyeji waliwaambia kuwa mto unaingia, nao wakarudi bila kuuona mdomo wake. Livingstone na Stanley walikuja mwaka 1871 wakauona kwa macho yao. Kabla yao na pamoja nao walikuwapo Waungwana na Waarabu wa Ujiji, wafanyabiashara wa pembe na, tusifiche, wa watu. Uvira ilikuja kuwa chini ya mkono wa Rumaliza, aliyetawala biashara ya ziwa kutoka Ujiji mpaka vita vya miaka ya 1892 hadi 1894 vilipomfukuza.

Walileta maumivu makubwa. Walileta pia lugha hii tunayoisoma, na mambo mawili ya kushinda joto ambayo hakuna aliyeyakataa. La kwanza ni baraza, yaani kibaraza chenye paa mbele ya nyumba, mahali pa kukaa bila kupigwa na jua wala kufungiwa ndani. La pili ni mwembe. Kila walipopita, Ujiji, Kasongo, na njia zote za kati, miembe ilibaki. Mtu wa Fizi anayekaa leo chini ya mwembe mkubwa kusikiliza redio amekaa chini ya historia ambayo pengine asingependa kuikumbuka, ila kivuli anakipenda.

Mapadri Weupe walifika ziwani mwaka 1879. Upande wetu walifungua Kibanga, katika Fizi ya leo, mwaka 1883. Walijenga, wakalima, wakakusanya watoto waliokombolewa utumwani. Homa ikawachosha. Makaburi yaliongezeka, na baada ya miaka kumi hivi misioni ilihamishiwa kusini, ikaanzishwa Baudouinville juu ya kilima cha Kirungu, karibu na Moba, mbali kidogo na ufukwe. Huko hewa ilikuwa nyepesi. Huko askofu Roelens alikaa mpaka kufa kwake mwaka 1947, na huko mwaka 1917 Stefano Kaoze alipewa upadri, Mkongomani wa kwanza. Msomaji anaweza kujiuliza seminari ile ingekuwaje kama ingebaki Kibanga na mbu wake.

Wakati Kibanga inaachwa hakuna aliyejua habari ya mbu. Watu waliamini ugonjwa unatoka katika hewa yenyewe, mvuke wa matope na joto. Hata neno malaria ni la Kiitalia na maana yake ni hewa mbaya. Ndipo mwaka 1897 daktari Ronald Ross, kule India, alipoonyesha kuwa malaria inabebwa na mbu. Kwa hiyo wakimbiaji wa hewa mbaya walikuwa wamekosea sababu lakini wamepatia njia: ukipanda, mbu wanapungua.

Kosa lingine lilidumu zaidi. Mzungu wa Kongo alivaa kofia ngumu ya jua toka asubuhi mpaka jioni, akiamini kwamba mwali wa jua ukigusa utosi wake hata dakika chache utapenya mfupa na kumwua. Mtoto wake alikatazwa kuvuka ua bila kofia. Mkongomani aliyekuwa analima barabara kichwa wazi mbele ya macho yake saa saba za mchana hakumfundisha kitu. Ni baada ya vita ya pili ya dunia wengi walipoivua, wakaona hawafi.

Kwa hewa hiyohiyo miji iligawanywa. Elisabethville, ndiyo Lubumbashi, iliwekwa eneo tupu kati ya mtaa wa Wazungu na mtaa wa Waafrika. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya afya: mbu aliyemng'ata Mwafrika asiweze kuruka mpaka kwa Mzungu. Mahali pengine hesabu ilikuwa rahisi zaidi, mwenye mamlaka alijenga pale upepo unapopita.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliteketeza watu wengi kandokando ya Tanganyika, pande zote mbili. Serikali za wakoloni, ya Wajerumani kule Burundi na ya Wabeleji huku, ziliamua kuwaondoa watu karibu na vichaka vyenye nzi. Vijiji vilihamishwa. Wengine walipelekwa juu, katika baridi ambayo mihogo na michikichi yao haikuipenda. Miaka ilipita, bonde likafyekwa, na kufika miaka ya 1950 serikali ileile ikawa inashusha watu: ilipima viwanja katika bonde la Ruzizi, ikaweka wakulima kwa mistari, na kuwataka walime pamba. Kiwanda cha sukari cha Kiliba kilijengwa miaka hiyohiyo, kwa sababu muwa unataka hasa kile ambacho mtu wa mlima anakikimbia: jua, maji na ardhi tambarare. Hivyo ndani ya maisha ya mzee mmoja bonde liliitwa kaburi, kisha likaitwa shamba, na mara zote mbili amri ilitoka kwa mtu asiyelala huko.

Alilala wapi? Bukavu, au Costermansville kama walivyoiita. Mwaka 1928 iliundwa Comité National du Kivu, ikapewa ardhi kubwa ya kugawia walowezi, na matangazo yaliyowaita kutoka Ubelgiji yalikuwa ya hewa kabla ya kuwa ya kahawa. Kivu iliitwa Uswisi ya Afrika. Mkubwa aliyechoshwa na joto la Léopoldville alitumwa huku kupumzika damu. Nyumba zilikuwa na bomba la moshi na mahali pa kuwasha kuni, bustani za waridi, vilima vya kutazama ziwa. Na juu ya ardhi hiyo ya baridi ulipandwa mti mmoja ambao unastahili habari yake peke yake: mkwinini. Gome lake ndilo dawa ya malaria, na mti wenyewe haukui vizuri kule malaria iliko, unataka mlima. Mwaka 1942 Japani ilipoteka Java, kisiwa kilichokuwa kinalisha dunia kwinini, magome ya Kivu yakawa mali ya vita. Wachumaji wake walikuwa wanakijiji waliolipwa kidogo sana kwa kazi kubwa. Hata leo mtu wa Bukavu au Uvira akimeza kidonge chochote, cha kichwa au cha tumbo, anasema amemeza kinini. Jina la mti limekuwa jina la dawa zote.

Baada ya uhuru mlima ulibadilisha kazi. Uasi wa mwaka 1964 uliwaka katika bonde la Ruzizi na Fizi, na serikali ilipojibu, watu walipanda. Mwaka uliofuata, mwezi wa nne, Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma na kutua Kibamba na kundi la kwanza la Wakuba. Watu wa kisiwa cha joto walijikuta wakibeba mizigo kutoka ufukweni kwenda kwenye kambi ya juu, jasho chini, baridi na ukungu juu. Che mwenyewe alishikwa na homa muda mfupi baada ya kufika. Mwezi wa kumi na moja walikuwa wamekwisha kuondoka. Laurent-Désiré Kabila alibaki na wazo lake, akaanzisha chama chake cha PRP mwaka 1967, na makao yake katika milima ya Fizi akayaita Hewa Bora.

Jina hilo lilikuwa la siasa, bila shaka, hewa ya uhuru. Lakini wakulima waliofuata huko au waliolazimishwa kufuata walilisikia kwa ngozi. Hewa ilikuwa bora kwa bunduki kujificha. Kwa mama aliyezoea kupanda mihogo na kununua ndagala mbichi asubuhi, ilikuwa kuanza upya, na nguo za kujifunika hazikuwepo.

Toka hapo kuhama kukawa mazoea, na kila mara hewa ilikuwa sehemu ya adhabu. Mwaka 1993 na 1994 Warundi na Wanyarwanda walijaza bonde la Uvira: Luberizi, Kagunga, Runingo. Wengi walikuwa watu wa vilima vya baridi. Wakati huohuo kaskazini, kambi ya Kibumba karibu na Goma iliwaweka maelfu juu ya mawe ya volkano, bila maji, katika baridi. Mwaka 1996 zamu ikawa yetu. Watu wa Uvira na Fizi walivuka ziwa kwenda Tanzania, wakafunguliwa kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na waliokwenda wamezeeka kule. Wengine wa Kivu ya Kaskazini walipelekwa Gihembe, Rwanda, juu ya kilima cha Byumba, wakafundishwa baridi. Mwaka 2015 Warundi walirudi tena kwa wingi, wakapewa Lusenda, ukingoni mwa ziwa katika Fizi. Kati ya hao, aliyetoka Rumonge au Imbo alikuta joto lilelile la kwao. Aliyetoka Mugamba alikuta dunia nyingine, na bado wote wawili waliandikwa kwenye orodha moja, wakapewa bashi moja.

Kuanzia mwaka 2017, na zaidi tangu 2019, vita vya Hauts-Plateaux vimekuwa vikishusha watu wa jamii zote. Vijiji vimeungua upande huu na upande ule. Waliobaki juu walijibana Minembwe, Mikenge, Bijombo. Walioshuka walikuja Uvira, Baraka, Fizi na bondeni. Hapa ndipo historia yote iliyotangulia inakuwa jambo la kituo cha afya.

Mtu aliyekulia kwenye mita 2,500 hakuumwa malaria mara nyingi utotoni, kwa hiyo mwili wake haukujifunza kupigana nayo. Mtoto wa Sange huumwa, na akipona mara kadhaa anaanza kuwa na kinga kidogo. Mtoto aliyeshuka jana hana hiyo kinga, na mama yake hana pia. Homa ambayo jirani mwenyeji anaitembeza kwa miguu, kwao inaweza kuwa ya kufa katika siku chache. Tena mama wa mlima anapomwona mtoto anatetemeka, desturi inamwambia amfunike na kuwasha moto. Katika joto la digrii 33 ushauri huo wa bibi yake, uliookoa watoto wengi kule juu, unamdhuru. Hana ujinga wowote. Elimu yake ni ya mahali pengine.

Bashi nayo ina habari yake. Plastiki inazuia mvua, na kwa hilo ishukuriwe. Lakini mwanga na joto vinaingia na joto halitoki. Mchana ndani huwa moto kuliko nje, na mtoto mchanga hawezi kuachwa humo. Mlimani bashi hiyohiyo ina kasoro ya kinyume: usiku haishiki joto hata kidogo, na maji ya pumzi hudondoka juu ya waliolala. Mara nyingi mzigo wa msaada unaofungwa kwa ajili ya mkimbizi wa ndani ni mmoja, blanketi, chandarua, masufuria, bashi, uwe unapelekwa ufukweni kwenye mita 770 au Minembwe. Matokeo yake yanaonekana sokoni: blanketi zinauzwa Uvira, na familia inanunua unga. Wakubwa hukasirika wakisema msaada unauzwa. Wangeangalia kipimo cha joto kabla ya kukasirika.

Wenyeji nao si kwamba wamebaki na ufundi wa babu zao. Manjanja yamechukua nafasi ya majani karibu kila mahali, na hakuna wa kumlaumu mtu kwa hilo: majani yanaungua, yanavuja, yanataka kubadilishwa, na mwenye manjanja anahesabiwa kuwa ameendelea. Lakini nyumba ya manjanja bila dari ni bashi ya chuma. Matofali ya kuchoma yanadumu, ila kila tanuru linakula kuni, na kuni zinatoka milimani pamoja na makala. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa nne 2020, mto Mulongwe ulipoteremka na mawe yake na kupasua mji, maji yalipita juu ya milima ambayo miti yake mingi ilikwisha kukatwa. Siku zilezile ziwa lilikuwa linapanda na kumeza nyumba za ufukweni, zile zenye upepo mzuri. Hivyo wenyeji wa Uvira nao wakalala kwenye bashi, na wengi walijua kwa mara ya kwanza kile ambacho mgeni wa mlimani alikuwa anakilalamikia.

Tangu hapo kuna mambo madogo yanayoonekana katika kambi na katika familia zinazopokea wageni, ambayo hayakuandikwa katika mpango wa shirika lolote. Mwenyeji anamwonyesha mgeni kufunika bashi kwa majani ya michikichi au majani makavu, na kuacha upana wa mkono mmoja kati ya majani na plastiki ili upepo upite. Jiko linatolewa nje. Mlango wa pili unafunguliwa upande wa ziwa. Watoto wanaogeshwa saa tisa badala ya jioni. Aliyeshuka na mbegu za viazi amejifunza kwamba hazitazaa hapa, akapewa mbegu ya lengalenga na kipande cha mhogo. Na kwa upande wake mtu wa mlima amemfundisha mwenyeji kugandisha maziwa ya mgando katika kibuyu kilichofukizwa moshi, ambayo hayaharibiki upesi kwenye joto.

Kuna wazee ambao hawakubali mafundisho. Wanaketi saa saba za mchana na koti lao zito la pamba, kofia kichwani, fimbo kati ya magoti, wakitazama juu kule mawingu yanakoishia mlimani. Vijana wa Uvira huwacheka kidogo. Ila asiyejua aambiwe kwamba koti ndicho kitu pekee kilichotoka nyumbani siku ile ya kukimbia, na ndani ya mfuko wake mara nyingi mna kadi ya uchaguzi na ufunguo wa mlango.